Waya Kwanza, Ubongo Baadaye

Kila mwandishi wa programu anaijua hila hii: programu ikigoma, unaifanya iandike kila hatua inayopitia, kisha unasoma uone imekwama wapi. Ubongo hauna hila hiyo. Ukitaka kujua seli zake zinasema nini, sharti utengeneze sikio la kuzisikiliza. Leo nataka nikusimulie jinsi sikio hilo lilivyotengenezwa.

Seli za ubongo huzungumza kwa mipigo ya umeme, kila mpigo ukidumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Seli zenyewe ni ndogo mno. Mwaka 1939 huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliikwepa shida hiyo kwa kutumia ngisi, kwa sababu ana uzi wa neva unaoweza kukaribia unene wa milimita moja. Wakapenyeza elektrodi ndani ya uzi huo na kuupima mpigo. Wiki chache baadaye vita vikaanza, kazi ikasimama.

Baada ya vita walirudi, na mwaka 1952 wakachapisha milinganyo ya hesabu inayoeleza mpigo unavyozaliwa. Hapa nawavulia kofia. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa ili ifanyiwe marekebisho, basi Huxley akapiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kukokotoa mpigo mmoja unaosafiri kwenye neva kulimchukua kama wiki tatu. Juzi niliandika milinganyo hiyo kwenye laptopu yangu, na jibu likatokea papo hapo.

Lakini paka hana nyuzi nene kama za ngisi. Mwaka 1957 David Hubel alieleza jinsi ya kuchonga waya wa tangsteni hadi ncha yake iweze kunasa mipigo ya seli moja. Yeye na Torsten Wiesel, wakiwa Baltimore, Marekani, walimwonyesha paka madoa ya mwanga, lakini seli waliyokuwa wakiisikiliza haikujali. Siku moja, walipokuwa wakibadilisha kipande cha kioo kwenye mashine, ukingo wake ulitupa kivuli cha mstari, na spika ikalia mfululizo. Seli ile ilikuwa ikisubiri mstari! Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Waya mmoja huchanganya sauti za seli jirani. Kwa hiyo watafiti wakasokota nyaya nne pamoja. Seli moja husikika kwa nguvu tofauti kwenye kila waya, na ukilinganisha unajua nani amesema. Mwaka 2017 ikaja Neuropixels, kijiti cha silikoni chembamba kama unywele, chenye vituo 960, na 384 kati yake husomwa kwa wakati mmoja, mara 30,000 kila sekunde. Piga hesabu: ni namba zaidi ya milioni 11 kwa sekunde. Ukihifadhi kila namba kwa baiti mbili, saa moja inakula gigabaiti zipatazo 83.

Hapo ndipo mzigo ulipohamia kwetu sisi watu wa programu. Hakuna binadamu atakayetenganisha mipigo hiyo yote kwa macho. Hufanywa na programu kama Kilosort, ambayo ni huria. Ikikosea ikahesabu seli mbili kuwa moja, ugunduzi mzima unaweza kuwa uongo. Na tusisahau kwamba rekodi hizi hutoka kwa panya, paka na nyani, na mara nyingi mnyama huuawa jaribio likiisha. Programu mbovu hufanya uhai ule upotee bure.

Habari njema ni kwamba Allen Institute ya Seattle imeweka rekodi za Neuropixels wazi kwenye mtandao. Ukiwa Nakuru au Malindi unaweza kuzichunguza bila kumgusa panya hata mmoja. Mimi nimeanza kupakua. Intaneti ikiniruhusu, nitawaeleza nilichokiona.

Hadi wakati mwingine, wasalaam.