Sensa na "censorship" ni ndugu

Mjadala wa siasa ukichemka humu, hakosi mtu aliyeblokiwa kulia kwamba amefanyiwa "censorship". Basi nikalifuata hilo neno hadi Roma ya kale.

Huko "censor" alikuwa afisa wa kuhesabu raia na mali yao. Sensa yetu imetoka shina hilohilo! Lakini daftari likiwa mkononi mwake, aliweza pia kukufuta useneta kwa tabia mbaya. Plutarch anasimulia kwamba Cato, aliyeshika cheo hicho mwaka 184 KK, alimtoa seneta mmoja kwa kumbusu mkewe mchana mbele ya binti yao. Mwenye kufuta alikuwa na mamlaka ya serikali. Mtu akikubloki, huyo amekuchoka tu.

Mwaka 1737 Waingereza walitunga sheria: mchezo mpya wa kuigiza sharti ukaguliwe kwanza na afisa wa ikulu ya mfalme. Kwao ukaguzi huo waliufuta 1968. Huku Kenya walikuwa wametuachia sheria ya 1962 ya filamu na michezo ya jukwaani. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda. Kibali kikafutwa Novemba. Kabla mwaka uishe, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, alikuwa kizuizini bila kesi.