Dazeni ya Tambi

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, wananchi tulitakiwa kujifunga mkanda kwa miezi 18. Tukajifunga. Miezi 18 ikapita, mikanda ikatobolewa matundu mapya, na kufikia 1982 hapa Songea sukari na sabuni vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Gharama za vita zilichangia, lakini si peke yake. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, mazao tuliyouza nje hayakuleta fedha za kutosha, na viwanda vilikosa vipuri. Nguo tulifulia majani ya mpapai.

Shida ile watu waliipa majina. Unga wa mahindi ya manjano ya msaada kutoka Marekani uliitwa "Yanga", kwa sababu ya rangi ya jezi, na mshabiki wa Simba aliula kimya kimya. Mitumba iliitwa "kafa Ulaya", yaani mwenye koti kesha kufa huko, wewe umerithi. Sisi wa Ruvuma tulicheka kwa uchungu zaidi, maana mahindi meupe tulikuwa nayo. Yalikuwa yakingoja malori, malori yakingoja dizeli na matairi, na vyote vikingoja mvua zikatike, kwa kuwa lami ya kutoka Makambako ilikuwa bado kutufikia.

Foleni ilipangwa kwa mawe. Unaweka jiwe lako alfajiri, unakwenda kazini, unarudi kusimama lilipo. Siku moja nikakuta watu wanne wanagombea jiwe langu. Nikiwa mwalimu kijana, nikatoa chaki mfukoni nikayaandika mawe yote namba. Nilijipa namba 9, na nikasifiwa kwa uadilifu.

Hapo mnong'ono ukatoka mbele: "Wanauza tambi!" Foleni nzima ikachangamka. Nikamtuma mwanafunzi mbio nyumbani, na mke wangu akabandika sufuria.

Zilikuwa tambi za taa. Kila mtu dazeni moja, hakuna kuchagua. Mafuta ya taa yenyewe hayakuwapo mjini kwa wiki kadhaa, lakini nani aondoke kwenye foleni mikono mitupu? Nilinunua. Mke wangu alizitazama, akatazama sufuria inayochemka, akauliza, "Baba watoto, nikuwekee na chumvi?" Chumvi nayo haikuwapo.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na utani ukapungua. Walanguzi wa kweli walikamatwa, lakini hofu haikubagua. Watu walitupa bidhaa porini usiku, wengine kwa ajili ya vipande vichache vya sabuni. Mke wangu hakutania tena. "Tambi dazeni nzima kwa taa moja. Wakija utawaeleza nini?"

Leo naona upuuzi wake. Usiku ule sikuuona hata kidogo. Nilichukua jembe, nikaenda nyuma ya migomba kuzifukia, gizani. Nilipoanza kuchimba nikasikia jembe jingine ng'ambo ya ua.

"Habari za usiku, Mwalimu?" akaniita jirani.

"Salama, mzee. Nachimba fuko, anamaliza mihogo."

Akanyamaza kidogo. "Hata huku yupo," akasema, na jembe lake likaendelea.