Udhibiti wa Gugukaroti kwa Maadui Asilia, Arusha

Udhibiti wa gugukaroti kwa maadui asilia ni njia ya kupunguza nguvu za gugu vamizi Parthenium hysterophorus kwa kutumia wadudu na kuvu wanaolishambulia katika nchi lilikotoka. Nchini Tanzania kazi hii ina makao Arusha. Huko ndiko gugu hili liliripotiwa mwaka 2010, kandokando ya barabara, kabla ya kuingia viwanja vitupu, mashamba na malisho ya nyanda zilizo chini ya Mlima Meru.

Asili ya gugukaroti ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko. Likiwa changa, majani yake hufanana na ya karoti. Likikomaa huweza kufikia mita 2 na kujaa vichwa vidogo vya maua meupe. Mvua ikiwa ya kutosha, huchukua wiki 4 hadi 6 tu tangu kuota hadi kuchanua, na mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu 10,000 hadi 25,000. Mbegu hizo husafiri kwa maji ya mitaro, matope ya magurudumu, kwato za mifugo na mchanga wa ujenzi. Kwa mji wenye barabara kuu za kwenda Namanga, Moshi na Babati, hiyo ni hatari kubwa. Kemikali yake iitwayo parthenini hudumaza mimea ya jirani. Kuligusa mara kwa mara huwasha na kuchubua ngozi, chavua yake huamsha pumu, na ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu.

Adui anayetumiwa zaidi ni mbawakavu Zygogramma bicolorata wa Meksiko, mwenye urefu wa takribani milimita 6 na mgongo wa rangi ya maziwa wenye michirizi ya kahawia. Australia ilimwingiza mwaka 1980, India mwaka 1984. Arusha aliletwa na kuachiliwa katika muongo wa 2010 kupitia Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Kitropiki (TPRI) iliyopo Ngaramtoni, ambayo kazi zake sasa zimo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Taasisi iliyojengwa kwa ajili ya utafiti wa viuatilifu ikakubali kufuga mdudu: huo ni uamuzi wa kuheshimiwa.

Jike hutaga mayai chini ya majani. Viluwiluwi huanza na vikonyo vya machipukizi, kisha majani, halafu hushuka udongoni kujigeuza. Mvua zikikatika, mbawakavu wakubwa hujizika ardhini na kulala hadi mvua zirudi. Hapo ndipo ugumu ulipo. Gugu huchipua mara masika au vuli inapoanza, ilhali mbawakavu wanaotoka ardhini ni wachache na huhitaji muda kuzaana. Wanapofikia wingi wa kulivua gugu majani, mimea ya kwanza huwa imeshamwaga mbegu. Kulima au kukwangua eneo lote wakati wa kiangazi huwaua waliolala. Kwa hiyo mdudu huyu anafaa zaidi kwenye hifadhi za barabara, kingo za mito na malisho ambayo hayalimwi, mahali ambapo mikono ya watu haitoshi.

Swali la kwanza la mkulima ni kama mdudu akimaliza gugu atahamia mazao, nalo ni swali la haki. India ilipata hofu hiyo mbawakavu walipoonekana kwenye alizeti, ambayo ni ya ukoo mmoja na gugukaroti. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa alizeti si chakula wanachoweza kukitegemea kwa uzazi. Nondo Epiblema strenuana, aliyefanya kazi nzuri Australia, India ilimkataa kwa sababu aliweza kukulia kwenye nuug, zao la mafuta. Afrika Mashariki nayo ina somo lake: mdudu Teleonemia scrupulosa, aliyeletwa kupambana na gugu la lantana, alikutwa akila ufuta huko Uganda katika miaka ya 1960. Tangu hapo upimaji umekuwa mkali zaidi, na unastahili kubaki hivyo.

Mfano wa kutia moyo ni Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 1995, Uganda na kisha majirani zake waliachilia fukusi wawili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, na kufikia mwisho wa muongo huo magugu maji yalikuwa yamepungua sana, ingawa yamekuwa yakirudi mara kwa mara.

Arusha, wadudu hawawezi kuachiwa kazi yote. Kung'oa kabla ya maua, kwa glavu na mikono iliyofunikwa, bado kunahitajika shambani. Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, imejaribu mimea ya malisho ya jamii ya kunde inayoweza kushindana na gugu na kulinyima mwanga. Afrika Kusini imeongeza fukusi wawili wanaoshambulia gugukaroti: Listronotus setosipennis, ambaye viluwiluwi vyake hula ndani ya shina, mwaka 2013, na Smicronyx lutulentus mwaka 2015. Huyu wa pili hula mbegu, ambazo mla majani akichelewa hudondoka ardhini na kukaa hai kwa miaka kadhaa.