Kipande cha mkonge, kadi ya Hazina na kitanzi cha Python

Wiki mbili za mwanzo za somo la programu huwa zinakwenda vizuri. Mwanafunzi anaandika mstari mmoja, kompyuta inamsalimia kwa jina lake, watu wanacheka, wanapiga picha ya skrini na kutuma nyumbani. Wiki ya tatu kinaingia kitanzi, yaani ile sehemu ya programu inayorudia kazi ileile mpaka sharti fulani litimie. Hapo viti vya nyuma vinaanza kubaki wazi. Nasaidia maabara katika chuo kimoja hapa Raskazone, na kila muhula nasikia maneno yaleyale: "Hivi vitu si vya kwetu. Wenzetu wamezaliwa navyo."

Sasa, hoja hiyo ni ya kihistoria, kwa hiyo tuijibu kwa historia. Kitanzi kilifika Tanga miaka mingi kabla ya kompyuta yoyote. Kilikuja na mkonge.

Mbegu za mkonge zililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Alizipata Florida, Marekani, na kati ya vipando 1,000 alivyoagiza vilipona 62 tu, vikaoteshwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yakaenea Tanga yote, na yakahitaji watu wengi kuliko waliokuwepo. Wakaletwa wakataji kutoka mbali, wale waliokuja kuitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Malipo yao yalikwenda kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Usipoimaliza, siku inapita bila alama hata kama umeshinda juani tangu alfajiri. Visanduku 30 vikijaa, unalipwa. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda, maana siku 30 za alama zinaweza kuchukua wiki nyingi zaidi ya nne.

Tukiandika kanuni hiyo kwa mtindo wa programu, lakini kwa Kiswahili, inakuwa hivi:

siku = 0
rudia wakati siku ni pungufu ya 30:
    kama kazi ya leo imekamilika:
        siku = siku + 1
lipa mshahara

Mistari mitano tu, na ndani yake mna karibu kila kitu cha wiki ya tatu. Kuna namba inayobadilika, kuna sharti la kurudia, kuna "kama" ndani ya kitanzi. Hata makosa ya wanafunzi yamo humo. Ukisahau mstari wa kuongeza siku, kitanzi hakitaisha na mshahara hautatoka kamwe. Ukiusogeza mstari wa malipo ndani ya kitanzi, mtu atalipwa kila siku na shamba litafilisika. Ukianza kuhesabu kwenye 1 badala ya 0, mkataji anapunguziwa siku moja ya jasho. Darasani hilo la mwisho tunaliita kosa dogo. Shambani lingekuwa kosa dogo kwa mwenye shamba, si kwa mkataji.

Sasa angalia nani alikuwa anaisoma kanuni hii. Mnyapara aliijua na karani aliijua. Mkataji aliiona alama kwenye kadi, lakini swali la "kazi iliyokamilika ni kiasi gani" liliamuliwa na wengine. Mzigo wote wa kipande uko kwenye ule mstari wa "kama". Mwenye kuandika mstari ule ndiye anayeamua siku yako ni siku au si siku.

Kompyuta ya kwanza nchini

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa aina ya ICT 1500, mashine iliyobuniwa na kampuni ya RCA ya Marekani na kuuzwa na kampuni ya Kiingereza. Toleo dogo kabisa la mashine hiyo lilikuwa na kumbukumbu ya herufi 10,000. Makala hii unayoisoma peke yake ingekula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo.

Zama hizo data na programu zilikuwa zinaingizwa kwa kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa matundu. Kadi ya kawaida ilikuwa na safu 80, kila safu herufi moja. Mwandishi wa programu aliandika kwa mkono kwenye fomu, mtoboaji akatoboa kadi, bunda likapelekwa kwenye mashine, mwenye kazi akasubiri. Ukikosea alama moja, unarudi mwanzo wa foleni. Ni kwa sababu ya foleni hii kwamba mwaka 1964 John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza lugha ya BASIC na mfumo ulioruhusu wanafunzi wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, hata wale ambao hawakuwa wanahesabu. Tofauti kati ya Dartmouth na Dar es Salaam ni mwaka mmoja tu. Tofauti kubwa ilikuwa nani anakaribishwa kwenye mashine. Kule walimweka mwanafunzi mbele yake. Huku mashine ilikuwa ya kazi za Hazina.

Kufikia 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba hivi. Na mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake kutoka nje. Watu husimulia jambo hili kama kichekesho, eti Tanzania iliogopa teknolojia. Haikuwa hivyo. Hesabu za serikali zilikuwa zimehamishiwa kwenye mashine, mfumo ukavurugika, fedha zikapotea, na udhibiti wa matumizi ukawa mgumu. Wataalamu walikuwa wachache na kazi ilitegemea sana wageni. Kwa tafsiri yangu, Hazina ilijikuta pale alipokuwa mkataji wa mkonge: inaongozwa na kanuni ambayo watu wake wachache mno waliweza kuifungua, kuisoma na kusema, "hapa, mstari huu ndio wenye tatizo."

Lakini dawa ikaumiza kuliko maradhi. Mashine zilizuiwa, na bila mashine huwezi kumfundisha mtu kuandika programu, zaidi ya kumwonyesha ubaoni. Marufuku ilianza kulegezwa taratibu katika miaka ya 1980 mpaka mwanzoni mwa 1990, uchumi ulipokuwa unafunguliwa. Hesabu mwenyewe. Hiyo ni miaka ambayo kwingineko kompyuta ndogo za nyumbani ziliwafanya watoto wa miaka 12 waandike BASIC sebuleni. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hajakosea kabisa anaposema wenzetu wamezaliwa navyo. Pengo lipo. Ila halikutokana na akili wala damu. Lina tarehe yake na lina sababu yake.

Na leo?

Leo mashine si tatizo kubwa kama zamani. Mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inaishinda ICT 1500 mara nyingi mno. Python, lugha tunayoanza nayo, ni ya bure. Hata zile safu 80 bado zipo kwa mbali: mwongozo rasmi wa uandishi wa Python unashauri mstari usizidi herufi 79.

Lugha ndiyo ngazi nyingine. Mwanafunzi wetu amesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, halafu kompyuta inamkemea kwa Kiingereza cha aina ya tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili kitupu. Lugha za programu zenyewe zimebaki na maneno ya Kiingereza, lakini hakuna anayetuzuia kufikiri kwa Kiswahili kabla ya kuandika, kama tulivyofanya na kipande hapo juu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kingine. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, mwanafunzi anaweza kuleta kitanzi kizuri, kinachofanya kazi, huku hajui kinaishia wapi. Ukimuuliza, "ukibadilisha 30 iwe 29 nini kitatokea?" anakutazama tu. Sisemi asitumie. Nasema huko tumeshapita. Tumewahi kuwa nchi yenye programu inayolipa mishahara na wasomaji wachache wa programu hiyo, na bili yake ilikuwa kubwa.

Basi, kama uko wiki ya tatu na unafikiria kuacha, funga kwanza kompyuta. Chukua karatasi, chora visanduku vitano badala ya 30, kisha pitia ile mistari mitano kwa kidole, siku baada ya siku, ukiandika thamani ya "siku" kila inapobadilika. Weka na siku moja ambayo kazi haikukamilika, uone kinachotokea. Inachukua dakika kumi hivi. Ukimaliza utakuwa umesoma kitanzi, na cha Python utakikuta ni kilekile kimebadilishiwa maneno. Viti vya nyuma bado vipo, njoo Alhamisi.