Kipande cha Mmeru na Mwembu, na Kazi ya Mjini

Huku Mombasa wapo wazee ambao hadi leo kitambulisho wakiita kipande. Sikuwahi kujiuliza neno hilo limebeba nini, mpaka mzee mmoja Mmeru auzaye miraa mtaani kwetu aliponiambia kuwa babake alifungwa Manyani, papo hapo tunapopita na mabasi ya Nairobi.

Kipande kilitokana na sheria ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikibeba, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kijibati. Mlikuwa na alama za vidole, jina la tajiri na mshahara. Aliyetoroka kazi alisakwa kwa karatasi hiyo, na tajiri mpya aliona yule wa kwanza alilipa ngapi, basi kwa nini aongeze?

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa masharti yao peke yao. Kutoka kwao Embu au Meru kwenda kutafuta kibarua kulihitaji pasi, kana kwamba Nairobi ni nchi nyengine. Kisha Aprili 24, 1954 wanajeshi wakauzingira mji huo katika Operesheni Anvil. Watu walichambuliwa kwa kabila. Maelfu walipelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani, na hizi mbili za mwisho ziko huku kwetu Pwani. Nafasi zao za kazi zikachukuliwa na Wakamba, Waluo na Waluhya. Kwa hivyo amri ya usalama ilibadilisha pia soko la kazi, na wengi waliopoteza ajira hawakufikishwa mahakamani.

Wenyewe hawakuachwa wakae bure. Wafungwa wa kambini ndio waliochimba mifereji ya Mwea, wakati huo ikiwa wilaya ya Embu, na ndio waliojenga uwanja wa ndege wa Embakasi. Pishori tunayoipikia pilau Ijumaa inatoka Mwea hiyo hiyo.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Leo kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya kuingia na kuishi popote nchini.

Nayaandika haya kwa sababu nasikia vijana wetu wakisema watu wa bara wazuiwe kuja kufanya kazi Pwani. Uchungu wao naujua, nami nina mpwa mwenye diploma anayekaa barazani mwaka wa tatu sasa. Lakini vijana hao hao walikuwa wakilalamika, na kwa haki, walipokuwa wakizungushwa kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna kazi wala akaunti ya benki. Mimi nawauliza: hicho kizuizi cha Mariakani kikiwekwa, askari atamjuaje wa bara bila kutukagua sote? Na wewe Mpwani unayesaka kibarua Nairobi, utavuka kwa pasi ya nani?