Boga la Cendrillon na udongo wa banachimbusa



Mwaka jana mtoto wa mama mdogo, hapa Lubumbashi, aliniambia: «Yaya, naolewa mwezi wa nane. Nataka bridal shower ya thème ya Cendrillon, na ni wewe utaiandaa.» Mimi nilisoma agronomia. Najua kupanga mistari ya mahindi, sijui kupanga maputo. Lakini kwetu yaya hakatai.

Tukauliza bei kwa mtu wa kupamba salle. Dola 400. Tulikuwa wasichana 16, kwa hiyo dola 25 kila mmoja, bila kuhesabu pagne ya uniforme. Niliandika ile hesabu kwenye kikundi cha WhatsApp, na tangu siku hiyo wawili wakanyamaza. Ni wenzetu wa masomo, wako na lisansi kama sisi, kazi hawajapata. Bibi-arusi akaniuliza: «Yaya, tuwatoe kwenye liste?»

Ile swali ilinikaa rohoni. Nikaanza kutafuta: hii sherehe ilitoka wapi, na ilikuwa ya kufanya nini?

Wazungu wanasimulia hadithi ya zamani ya Uholanzi. Msichana alipenda msagaji wa unga ambaye hakuwa na mali. Baba akakataa kutoa vyombo vya nyumba. Majirani wakaja, kila mtu na kitu kidogo mkononi, mpaka nyumba ikajaa. Hiyo ni hadithi tu. Lakini desturi yenyewe inajulikana Marekani tangu mwisho wa karne ya 19. Neno «shower» ni mvua ya manyunyu: zawadi ndogo ndogo zinamwangukia bibi-arusi. Ndiyo maana mwavuli ukawa pambo lake kubwa. Zawadi zenyewe zilikuwa za jikoni na za kitandani: vijiko, sufuria, taulo, mashuka.

Na mapambo? Yalitengenezwa na mikono ya marafiki. Kampuni Dennison ya Massachusetts iliuza karatasi ya krepe, ile ya mikunjo inayovutika, pamoja na vitabu vidogo vya kufundisha jinsi ya kuitengeneza maua, kofia na mapambo ya meza. Mwaka 1909 ilitoa kitabu cha mapambo ya Halloween, kikafuatwa na vingine. Mtu alinunua karatasi, kazi akaifanya mwenyewe nyumbani na wenzake. Kupamba kulikuwa sehemu ya kumsindikiza bibi-arusi. Leo tunalipa mtu mwingine afanye ile sehemu, halafu tunamtoa rafiki asiyeweza kulipa.

Tuje kwa Cendrillon. Charles Perrault alichapisha hadithi yake Paris mwaka 1697. Ni yeye aliyeweka boga linalogeuka gari, panya wadogo sita wanaokuwa farasi, panya mkubwa anayekuwa dereva, mijusi sita wanaokuwa watumishi, na viatu vya kioo. Ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, hawana boga. Kwao kuna mti uliopandwa kwenye kaburi la mama, na ndege wanaomsaidia msichana. Filamu ya Disney ya 1950 ilimfuata Perrault, ndiyo maana sisi wote tunajua boga.

Hapa agronomia yangu ikaamka. Boga halikuzaliwa Ulaya. Watu wa Meksiko walianza kulilima karibu miaka 10 000 iliyopita, na lilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Mahindi na muhogo vilivuka vilevile, Wareno wakavileta pwani ya Kongo. Kwa hiyo gari la Cendrillon na bukari yetu vimetoka upande mmoja wa dunia! Na kibwabwa tunayokula ni majani ya hilo boga.

Halafu nikasoma jambo la karibu zaidi. Mwaka 1931, Audrey Richards, mwanamke Mwingereza, aliangalia chisungu ya Babemba, upande wa Zambia ya leo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1956. Chisungu ilimwandaa msichana kwa ndoa. Wanawake walifinyanga vitu vya udongo, wakavipaka rangi, wakachora kuta za nyumba. Waliviita mbusa, na mama aliyeongoza aliitwa nachimbusa. Kila mbusa ilikuwa na wimbo wake na funzo lake: kulikuwa na nyoka, kulikuwa na jembe, kulikuwa na tuta la shamba. Nyingi ziliharibiwa sherehe ikiisha. Hawakuzikodi, na hawakuzirudisha dukani.

Basi sisi tulitafuta thème ya kitabu mbali, na jirani yetu kulikuwa na kitabu kizima cha udongo.

Nikarudi kwenye kikundi, nikaandika: «Hesabu ya dola 25 imekufa. Jumamosi mbili, kwetu, kila mtu alete makasi na karatasi yoyote.» Tulipanga hivi. Syllabus zetu za zamani zikawa kurasa za hadithi na maua ya waridi. Pédologie yangu yote ilikwenda ukutani. Panya tuliwatengeneza na magunzi ya mahindi, mkia wa kamba. Mijusi, na maganda makavu ya mgomba. Magurudumu, na karatasi ngumu za makartoni. Boga lenyewe tuliliacha zima: ukilikata linaoza haraka, na tulitaka kulipika kesho yake.

Gundi ilikuwa unga wa muhogo. Uchunge vizuri, uukoroge kwanza na maji baridi, ndipo uumimine polepole mu maji ya moto, ukikoroga mpaka uanze kung'aa. Karibu na digrii 65 chembe za wanga zinavimba na kupasuka, ndiyo inashika. Ukitia unga mukavu moja kwa moja mu maji ya moto utapata mabonge. Tengeneza ya siku moja tu, ya jana inachacha.

Siku ya sherehe, mama mkubwa mmoja aliyekulia karibu na Kasumbalesa alizunguka meza, akasimama mbele ya boga. «Mbusa yenu ni hii? Sawa. Inafundisha nini?»

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria funzo. Aliyejibu ni mmoja wa wale wawili waliokuwa wamenyamaza; Jumamosi zote mbili alikuwa amekuja wa kwanza. «Inafundisha kuanza na kile kiko jikoni, mama.» Mama mkubwa akapiga vigelegele, na hapo ndipo sherehe ilianza kweli.

Yule wa pili hakuja. Nilimpigia simu, akasema ana shughuli. Sikumlaumu. Ile hesabu ya dola 25 alikuwa ameisha kuiona, na ni mimi niliyeiandika.

Kwa hiyo, ninyi ambao muko na ndoa mwaka huu: mbele ya kuandika bei kwenye kikundi, ulizeni kwanza nani yuko na makasi.