Kotisoli, kumbukumbu na demensia

Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tabaka la nje la tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mwili huimwaga kwenye damu unapokabiliwa na hatari, maumivu, njaa, ugonjwa au hofu, ndiyo maana imezoeleka kuitwa homoni ya msongo. Tangu miaka ya 1960 imechunguzwa pia kwa jambo jingine: namna inavyogusa sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu, na iwapo mtu aliyeishi nayo kwa wingi miaka mingi huwa karibu zaidi na demensia uzeeni. Swali la kwanza limejibiwa kwa kiasi kikubwa. La pili lina ubishi hadi leo, ingawa kurasa za afya magazetini hulijibu kwa uhakika ambao watafiti wenyewe hawana.

Demensia ni jina la jumla la hali ya kupungukiwa na kumbukumbu, lugha na uwezo wa kufikiri kiasi cha mtu kushindwa kuendesha shughuli zake za kila siku. Chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukapata kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha tofauti za umri. Wapo huko waliochukulia hali hiyo kuwa uzee tu, na wapo waliosema mzee amelogwa.

Safari ya homoni

Amri ya kutoa kotisoli hutoka kichwani. Haipothalamasi, iliyo kwenye kitako cha ubongo, huipelekea ujumbe tezi ya pituitari. Pituitari humwaga homoni nyingine, ACTH, na hiyo ikifika kwenye adrenali kotisoli hutoka. Kazi yake ni kuinua sukari ya damu, kutuliza uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, na kuahirisha mambo yanayoweza kusubiri, kama uzazi na ukuaji. Kwa mtu mwenye afya hupanda alfajiri, hufika kileleni nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu mpaka usiku wa manane. Kwa sababu hiyo, kipimo kimoja cha damu kilichochukuliwa saa yoyote ile hakielezi mengi. Watafiti hukusanya mate mara kadhaa kwa siku, mkojo wa saa 24, au nywele, ambazo hubaki na alama ya miezi iliyopita.

Hans Selye wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ndiye aliyeufanya msongo kuwa somo la maabara. Katika barua fupi aliyochapisha mwaka 1936 katika jarida la Nature, alionyesha kwamba panya walioumizwa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa sumu au kwa kuchoshwa, waliishia na dalili zilezile: adrenali zilizovimba, tezi ya thaimasi iliyosinyaa na vidonda vya tumbo. Ubongo haukumshughulisha sana. Aliyeuingiza ni Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1968 yeye na wenzake waliwadunga panya waliotolewa adrenali kotikosteroni yenye mnururisho (ndiyo kotisoli ya panya) wakafuatilia ilikotua. Ilijikusanya kwenye hipokampasi.

Hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, kila upande na yake, ilikwishajulikana kuwa mahali kumbukumbu mpya zinapotengenezwa. Somo hilo lilitokana na Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili, na kwa miaka 55 iliyofuata akashindwa kushika jambo lolote jipya lililompata. Kwamba homoni ya hatari ilikuwa na vipokezi vingi mahali hapo kulimaanisha msongo na kumbukumbu vina mlango mmoja.

Baadaye ilibainika kuwa vipokezi hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza huishika kotisoli kwa nguvu karibu mara kumi zaidi, kwa hiyo hujaa hata siku ikiwa tulivu. Ya pili hujaa homoni inapopanda sana. Ndipo inapoeleweka kwa nini kotisoli kidogo mno huharibu kumbukumbu, ya wastani huisaidia, na nyingi huiharibu tena. Wakati nao ni muhimu. Tukio la kutisha hukaa kichwani miaka na miaka kwa sababu homoni za msongo huimarisha uhifadhi wake. Lakini homoni hiyohiyo huziba njia ya kukumbuka yaliyokwishahifadhiwa: mwaka 2000 Dominique de Quervain na wenzake mjini Zürich waliwapa watu wenye afya kidonge cha kotisoni, ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli, saa moja kabla ya kuwauliza maneno waliyojifunza siku iliyotangulia, na wakakumbuka machache. Mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani akasahau alichokijua vizuri jana usiku amewahi kufanya jaribio hilo bila kidonge.

Nyani na tumbili wa Kenya

Sehemu muhimu ya historia hii ilifanyika Afrika Mashariki. Robert Sapolsky, mwanafunzi wa McEwen ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, alianza mwaka 1978 kwenda Masai Mara kila mwaka kuwachunguza nyani. Aliwalaza kwa vishale vya dawa vilivyopulizwa kwa mrija, akawatoa damu, na kulinganisha kotisoli yao na cheo cha kila mmoja kundini. Pale utawala ulipotulia, madume wa ngazi ya chini ndio waliokuwa na kotisoli nyingi wakati wa kawaida. Utawala ulipoyumba, wakubwa nao walionja adha hiyo.

Nyani walionyesha nani ana msongo; tumbili ndio walioonyesha ubongo wao. Katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani nchini Kenya, tumbili wanane waliokamatwa porini na kufugwa kwa makundi walikufa wenyewe. Walikuwa na vidonda vya tumbo, adrenali kubwa, na baadhi alama za kung'atwa, ishara za wanyama walioonewa na wenzao muda mrefu. Mwaka 1989 Sapolsky pamoja na watafiti wa taasisi hiyo na wa Marekani waliripoti kwamba seli za hipokampasi za tumbili hao zilikuwa zimeharibika. Palikuwa na pingamizi la wazi: huenda ni ugonjwa mwingine uliowaua na kuharibu ubongo kwa pamoja. Wakarudi mwaka 1990 na jaribio safi zaidi. Tumbili wanne waliwekewa tembe ya kotisoli katika hipokampasi ya upande mmoja na tembe ya kolesteroli katika ile ya upande wa pili. Baada ya mwaka mmoja, upande wa kotisoli ndio uliokuwa na madhara.

Tayari mwaka 1986 Sapolsky, Lewis Krey na McEwen walikuwa wametoa nadharia iliyotawala uwanja huu kwa muongo mzima. Hipokampasi husaidia kuizima kotisoli. Kotisoli nyingi huidhoofisha hipokampasi. Ikidhoofika, breki hulegea na kotisoli huongezeka tena, mpaka uzee unapomkuta mnyama ameingia kwenye mteremko asioweza kujizuia.

Ni nadharia nzuri, na kwa sehemu imeshindwa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliowapa kima wazee kotisoli kwa wingi kwa miezi 12 walihesabu seli za hipokampasi wasione upungufu. Mwaka 2001 uchunguzi wa ubongo wa watu waliokufa wakiwa na sonona kali, au baada ya kutumia dawa za steroidi, haukukuta mauaji ya seli yaliyotarajiwa. Kinachoonekana zaidi ni kusinyaa kwa matawi ya seli za neva, jambo ambalo maabara ya McEwen ililionyesha kwa panya mwaka 1990. Tawi lililosinyaa linaweza kuchipua tena. Seli iliyokufa haifufuki.

Ushahidi kwa binadamu

Ishara ya kuchipua huko ilitoka kwa wagonjwa wa Cushing, ambao mwili wao hutoa kotisoli kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe kwenye pituitari. Uso hujaa, tumbo hukua, misuli ya miguu hupungua, na wengi hulalamika kwamba wanasahau. Monica Starkman wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha mwaka 1992 kuwa wagonjwa wenye hipokampasi ndogo ndio waliofanya vibaya kwenye vipimo vya kumbukumbu. Mwaka 1999 akaripoti kwamba baada ya matibabu kushusha kotisoli, hipokampasi iliongezeka, kwa baadhi hadi asilimia 10.

Kwa wazee wasio na ugonjwa huo, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Sonia Lupien na wenzake wa Montreal, wa mwaka 1998. Wale ambao kotisoli yao ilikuwa juu na ikizidi kupanda mwaka hadi mwaka walikuwa na hipokampasi ndogo kwa asilimia 14 kuliko wenzao. Walipimwa watu 11 tu, jambo ambalo wanaoupenda utafiti huo husahau kulitaja.

Tafiti kubwa zaidi zilifuata. Mjini Gothenburg, Sweden, wanawake 1,462 walioanza kufuatiliwa mwaka 1968 waliulizwa kuhusu msongo wao kwa nyakati tofauti. Katika miaka 35, 161 walipata demensia, na waliotaja msongo mara kwa mara ndio walioipata zaidi. Huko Framingham, Marekani, watu 2,231 wa umri wa wastani wa miaka 48 walipimwa damu ya asubuhi, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa wenye kotisoli nyingi walikuwa na kumbukumbu dhaifu na ubongo mdogo kidogo, hata kabla ya dalili zozote.

Maabara imependekeza sababu. Mwaka 2006 watafiti wa Irvine, California, waliwapa panya waliobadilishwa vinasaba deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoiga kotisoli, kwa siku saba, na protini mbili zinazotambulisha Alzheimer, amiloidi na tau, zikaongezeka.

Kipi kilitangulia

Ugumu uko hapa: Alzheimer huanza kuuharibu ubongo miaka mingi kabla ya mtu kusahau jina la mjukuu, na hipokampasi ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuathirika. Hipokampasi iliyougua hushindwa kuizuia kotisoli. Mtu anayepimwa leo na kukutwa na kotisoli nyingi anaweza kuwa nayo kwa sababu ugonjwa umekwishaanza.

Onyo jingine lilitoka kwa mapacha wa kufanana. Maveterani wa vita vya Vietnam wenye mshtuko wa kudumu walikuwa na hipokampasi ndogo, na ilidhaniwa vita ndiyo iliyowafanya hivyo. Mwaka 2002 Mark Gilbertson na wenzake waliwapima pia ndugu zao pacha waliobaki nyumbani. Nao walikuwa nazo ndogo. Pengine udogo huo ulitangulia na kuwafanya wepesi wa kuumizwa na vita. Hata hivyo, uchunguzi wa maveterani zaidi ya 181,000 uliotolewa mwaka 2010 ulikuta demensia karibu mara mbili kwa wenye mshtuko huo, kwa hiyo jambo halijaishia kwa mapacha.

Tume ya jarida la Lancet, ambayo mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza demensia, haikuuweka msongo. Sonona imo, upweke umo, shinikizo la damu limo.

Majaribio ya tiba

Jaribio la mwaka 2000 la kuwapa wagonjwa wa Alzheimer prednisoni, steroidi nyingine inayoiga kotisoli, kwa matumaini ya kutuliza uvimbe wa ubongo, halikuzuia ugonjwa, na tabia zao zilizorota kuliko za waliopewa vidonge visivyo na dawa. Watafiti wa Edinburgh walichukua upande wa pili: kuzuia kimeng'enya kinachoigeuza kotisoni kuwa kotisoli ndani ya seli za ubongo. Mwaka 2004 walipata matokeo ya kutia moyo kwa wanaume wachache waliotumia kabenoksoloni, dawa yenye asili ya mzizi wa susi. Dawa mpya ya kundi hilo, Xanamem, ilijaribiwa kwa wagonjwa 185 wa Alzheimer kwa wiki 12; mwaka 2019 ilitangazwa kuwa haikuboresha kumbukumbu zao.

Kinachofaa kliniki kwa sasa ni kuuliza mzee anayesahau anatumia nini. Prednisoloni na deksamethasoni hununuliwa kirahisi kwenye maduka mengi ya dawa, na mikorogo ya kung'arisha ngozi huweza kuwa na klobetasoli, steroidi kali inayopenya kwenye damu na kuleta dalili za Cushing kwa mtu asiye na uvimbe wowote. Usahaulifu wa namna hiyo aghalabu hupungua dawa ikiondolewa. Haiondolewi ghafla: adrenali zilizolala kwa miezi hazitoi kotisoli ya kutosha siku ya kwanza, na mgonjwa anaweza kuzirai au kufa, hivyo dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya daktari.